Skrubu ya Nyuma ya Kipimo cha Kina

Ninyi mnaokuja kubisha hapa nyumbani mkitaka niwafundishe kupima vipimo vya kina, angalieni kwanza masikio yangu. La kulia limekufa kabisa. La kushoto linamsikia mtu akiwa karibu, tena asiye na haraka. Ndiyo sababu nimeacha kazi. Watu wanadhani ni mikono. Mikono ingali inashika turnevisi na kufungua skrubu, na macho yanasaidiwa na miwani. Lakini kazi yetu inategemea sauti moja ndogo sana, na fundi asiyeisikia anaweza kumwangamiza mtu huku kioo kinang'aa na karatasi ina sahihi.

Nitaieleza hiyo sauti. Msinikimbize. Niliacha shule mwaka wa tano wa primaire, sikufika mahali pa kufundishwa kupanga hadithi, na maisha yangu nayo hayakupangwa.

Nilikuwa mtu wa kuhamahama. Mahali panapoitwa Miti nilikaa msimu mmoja nikiziba pancha za malori. Nyangezi nilichoma matofali. Kote nilifukuzwa au niliondoka mwenyewe, na sababu ilikuwa moja: siwezi kuona kitu kimefungwa nikakiacha hivyo. Kule Luhwindja, kwenye mashimo ya dhahabu, kulikuwa na kompresa ya kupeleka hewa chini, na mwenye kuitunza alikuwa anapima presha kwa kulipiga tangi teke. Likilia hivi, anaongeza. Likilia vile, anapunguza. Kwenye ubavu wa tangi kulikuwa na manometre, kipimo cha presha, nzima kabisa, ambayo hakuiamini. Nikamuuliza ni nini kinachosukuma ile sindano.

"Ni presha."

"Presha inaisukuma namna gani?"

"Weye uko polisi?"

Jumapili wenzangu walipokwenda misa, niliifungua kwa kisu. Ndani nilikuta kibomba cha shaba kilichopindwa kama ndoana. Presha ikiingia humo, kibomba kinajaribu kunyooka. Kikinyooka kinavuta kigurudumu chenye meno, na kigurudumu kinazungusha sindano. Ni hilo tu. Nilikaa nikakitazama mpaka watu wakarudi kutoka kanisani. Kuirudisha kama ilivyokuwa nilishindwa. Jumatatu nilikuwa njiani kwa miguu, na teke moja nilikuwa nimelipata mimi badala ya tangi.

Basi hivyo ndivyo nilivyofika Uvira, nikiuliza kila mtu ni nani anayetengeneza manometre. Wakanipeleka kwa Papa Ramazani.

Alikuwa Mwislamu wa familia ya wafanyabiashara waliotoka pwani zamani, mtu mwembamba, mwenye kofia nyeupe isiyopata tone la mafuta hata siku moja, nami sikuwahi kujua aliwezaje. Karakana yake ilikuwa karibu na bandari. Alipima manometre za boti, za kompresa, na vipimo vya kina vya wazamiaji, kwa sababu kipimo cha kina nacho ni manometre tu: maji yanakukandamiza kadiri unavyoshuka, na kibomba kinanyooka kadiri unavyokandamizwa. Aliyekitengeneza ameandika mita kwenye uso badala ya presha.

Mashine yake iko pale kwenye kona, mnaiona. Ina mafuta chini, pistoni inayosimama wima, na vyuma vya uzito vya kuweka juu ya pistoni. Kila chuma kina namba ya mita aliyoipiga mwenyewe kwa patasi, mita za maji ya ziwa. Unaweka chuma cha kumi, mafuta yanakisukuma kipimo kama vile kiko mita kumi chini ya maji, na sindano inapaswa kusema kumi. Mambo aliyonifundisha ni haya. Uzungushe vyuma taratibu kwa kidole wakati wa kusoma, kwa kuwa pistoni isiyozunguka inanata na kusema uongo. Ugonge kioo kidogo kwa ukucha kabla ya kusoma, kwa kuwa sindano nayo inanata. Usome ukipanda na usome ukishuka, kwa kuwa shaba ina uvivu wake. Na uso wako uwe sawa na uso wa kipimo. Ukisoma kutoka pembeni, mzee atakuuliza kama na mkeo unamwangaliaga hivyo.

Na kabla ya yote hayo, alikuwa na jambo lake. Akipokea kipimo chochote kilichotoka mbali, anakigeuza, anatafuta skrubu ndogo iliyo nyuma ya kasha, anaisogeza karibu na sikio, anailegeza. Fss. Kidogo sana. Kisha anaacha kipimo wazi juu ya kitambaa, anakunywa kahawa yake ya tangawizi mpaka kikombe kiishe, halafu anafunga skrubu na kuanza kazi.

"Papa, unafanya nini?"

"Naiacha ipumue."

"Juu ya sababu gani?"

"Hewa yenye ilifungwa humu ni ya kwingine. Haijue hapa kwetu."

Watu wa bandarini walikuwa wanamcheka: Ramazani anasalimia vyuma. Nami nilicheka. Nilimuuliza yule mzee maswali elfu, kuhusu shaba, kuhusu mafuta, kuhusu kwa nini samaki hawapasuki kule chini. Lakini la skrubu niliishia pale pale. Niliona ni desturi yake tu, kama vile alivyosema bismillahi kabla ya kuwasha jiko.

Niseme na habari ya mawese, kwa sababu inahusika, hata kama mtacheka. Mafuta ya mashine yaliisha wakati Papa Ramazani amekwenda kuzika ndugu. Nikaweka mawese. Kwa joto la Uvira yalikwenda vizuri kabisa, na sikumwambia mtu. Baadaye macho ya mzee yalipokwisha aliniachia mashine, nami nikaipandisha juu ya lori, kwenye milima ile, kupitia Nyangezi mpaka hapa Bukavu, nikafungua karakana kando ya ziwa. Mteja wa kwanza alikuja asubuhi yenye ukungu. Nikaweka chuma juu ya pistoni mbele yake kama daktari. Pistoni haikusogea. Mawese yalikuwa yameganda. Mteja akachungulia, akanusa, akauliza, "Fundi, hapa munapima ao munapika?"

Nilisafisha, nikaweka mafuta yanayostahili. Lakini tangu siku ile nilikuwa nikiitilia shaka ile mashine. Jambo lolote likienda kombo, nilijiambia ni mashine, ilitikisika njiani, ilizeeka, ilikula mawese. Kumbukeni hilo.

Miaka ikapita, nikawa fundi anayejulikana. Ndipo akaja mtu mmoja mwenye maboti, ambaye hapa nitamwita patron, na inatosha. Boti lake la mizigo lilikuwa limezama, limelala kwenye mteremko chini ya maji, naye alitaka injini yake. Alikuwa ameajiri wazamiaji wawili, na alikuwa ameagiza vipimo vitatu vipya vya kina kutoka pwani. Vizuri sana. Uso mweusi, namba zinazowaka gizani, na sindano ya pili nyekundu inayosukumwa na ile ya kwanza na kubaki kwenye kina kikubwa ulichofika, ili ukitoka watu waone ulikwenda wapi. Nyuma, juu ya skrubu, kulikuwa na nta nyekundu.

"Ile cachet usiguse," patron aliniambia. "Ukiivunja, haviwezi tena kurudishwa kule vilitoka. Weye pima tu, unipe fishi, karatasi yenye sahihi."

Sahihi. Mwaka wa tano wa primaire, na mtu ananiomba sahihi ili watu wazame kwa kuiamini. Niliifanyia mazoezi kwenye gazeti.

Niliviweka mezani. Sindano zote tatu zilikuwa zimelala juu ya sifuri, kwenye kile kimsumari kidogo kinachoizuia sindano isirudi nyuma zaidi. Nikafurahi. Nikafunga cha kwanza kwenye mashine. Chuma cha kumi: kikasema nane. Cha ishirini: kikasema kumi na nane, au pungufu kidogo. Cha thelathini: ishirini na saba na nusu. Nikagonga kioo, nikazungusha vyuma, nikasoma nikipanda na nikishuka. Vilevile. Nikafunga cha pili, vilevile. Cha tatu, vilevile.

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Mbele yangu kulikuwa na vipimo vitatu vipya, vinavyokubaliana, na mashine moja kuukuu iliyowahi kula mawese. Mngemwamini nani? Nilisema mashine imeharibika. Nikaandika kwa chaki ubavuni mwake kwamba inazidisha mita mbili. Nikaandika kwenye fishi kwamba vipimo viko sawa. Nikaweka sahihi mara tatu, na ya tatu ilikuwa nzuri kuliko zote.

Kama ningekuwa na akili siku ile ningejiuliza swali moja tu: ikiwa sifuri iko sawa, hizo mita mbili zimeanzia wapi?

Mzamiaji mkubwa aliitwa Bisimwa. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mtu wa Kadutu, mwimbaji wa kwaya, asiyegusa pombe hata harusini. Alikuwa na daftari lililofungwa kwa nailoni, na ndani yake kila kina kilikuwa na ukurasa wake: ukienda mita hizi, kaa dakika hizi, panda polepole hivi, simama hapa na hapa. Lilikuwa limeandikwa kwa ajili ya ziwa letu lililo juu milimani. Hakuwahi kuzidisha hata dakika. Mwili kule chini unajaa hewa kama chupa ya bia ilivyojaa gesi, na ukiifungua haraka inatoa povu. Povu likitokea ndani ya mtu, linakwenda linakotaka. Bisimwa aliyajua hayo kuliko mimi.

Alikuja kuchukua vipimo mwenyewe. Akavaa kimoja mkononi, akakigeuza kwenye jua.

"Papa fundi, kule chini kuko giza. Siyone ata vidole. Naona paka hii sindano tu. Njo macho yangu."

"Nimeipima mara tatu," nikamwambia.

"Basi nitazama na usingizi."

Alicheka. Mwenzake, Zihindula, kijana mnene asiyesema sana, alichukua cha pili. Cha tatu kilibaki kwangu cha akiba.

Siku ya tatu ya kazi, mchana, Bisimwa alipita karakana. Alikuwa anasugua goti.

"Papa fundi, iko jambo. Kamba ya nanga tuliiweka mafundo, kila mita fundo. Leo nilishika fundo ya thelathini na mbili na huu mukono wangu. Kipimo chako kiliniambia thelathini."

"Boti ilisogea. Kamba ilikuwa imelala upande."

"Lac ilikuwa kama sahani leo, mayi haikutikisika. Kamba ilisimama wima."

"Uliisomea wapi habari ya vipimo?"

Nilisema hivyo. Mimi. Akanitazama kidogo, akacheka tena, lakini si kama siku ile.

"Sawa, muzee. Mimi ni mutu wa kuogelea tu."

"Na goti?"

"Goti ni baridi."

Jua lilikuwa bado juu. Nilikuwa na kipimo cha tatu mezani, nilikuwa na kamba, na ziwa liko mlangoni. Saa moja tu ya kazi ingetosha. Niliendelea kusugua uso wa manometre ya kompresa ya mtu mwingine, nikiwa nimekasirika kwamba mwogeleaji amegusa sahihi yangu.

Kesho yake Bisimwa alizama tena, akafuata ukurasa wake wa thelathini mpaka dakika ya mwisho. Nilikuwepo ufukweni, patron alikuwa ameniita kuangalia kompresa. Bisimwa alipanda taratibu, akasimama alipotakiwa kusimama, akatoka, akaketi ukingoni mwa boti. Akasema mikono inamwasha. Akaomba chai. Zihindula alipokuwa anamvua viatu vya mpira, Bisimwa aliinama akatazama chini, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ni nani amekalia miguu yangu?"

Hakuna aliyekuwa ameikalia.

Dawa ya ugonjwa ule ni chumba cha chuma cha kumrudishia mtu presha, kisha kuitoa polepole. Hapa hakikuwepo. Kilichojulikana kilikuwa mbali, nchi nyingine, na njia yake inapanda milima, na kila unavyopanda povu linazidi. Madaktari walimpa oksijeni mpaka ilipoisha. Miguu haikurudi.

Jioni ile patron alitukusanya kwenye uwanja wa maboti. Alikuwa ameshika kipimo cha Bisimwa.

"Muone wenyewe. Sindano nyekundu iko ku thelathini. Ukurasa wake uko wa thelathini. Basi kosa ni nini? Alikunywa jana, njo kosa."

"Bisimwa hakunywaka," Zihindula alisema.

"Kipimo nacho hakikunywa. Na kiko na sahihi ya fundi." Akanigeukia. "Si vile, Papa?"

Nikasema ndiyo. Nalitaja neno hilo kwa sababu niliahidi nafsi yangu kutolificha. Nilisema ndiyo.

"Basi Zihindula atashuka kesho asubuhi," patron akasema. "Injini imekwisha kufungwa minyororo, imebaki kazi ndogo."

Jua lilikuwa limebakiza kama saa moja. Nilikwenda karakana, nikachukua kipimo cha tatu, nikachukua kamba mpya, nikaipima barabarani kwa mètre ya seremala, mita thelathini kamili, nikafunga jiwe zito na kipimo mwishoni. Nikaazima pirogi ya jirani, nikapiga kasia mpaka penye maji marefu. Hapakuwa na upepo. Nikaishusha kamba ikasimama wima kama ya mwashi. Nikaivuta. Sindano nyekundu ilikuwa kwenye ishirini na saba na nusu.

Nikaishusha tena. Ishirini na saba na nusu. Mara ya tatu nilikuwa nimekwisha jua, nilishusha tu kwa kuwa mikono haikutaka kurudi nchi kavu. Namba ile ile ambayo mashine ya Papa Ramazani iliniambia, na nikaiandikia chaki kwamba ni mwongo.

Pale pale kwenye pirogi nilikigeuza kipimo, nikabandua nta kwa ukucha, nikalegeza skrubu karibu na sikio.

Fss. Lakini si ile ya Uvira. Hii ilikuwa ndefu. Hewa ya pwani, nzito, iliyofungwa humo kando ya bahari, ilitoka yote kwenye hewa yetu nyepesi ya juu. Nikageuza uso wa kipimo. Sindano ilikuwa imejinyanyua kutoka kwenye kimsumari, unywele mmoja tu, ikabaki inatetemeka.

Ndiyo maana nawaambia sifuri ya Bukavu msiiamini kwa macho. Ile hewa iliyofungwa kwenye kasha ilikuwa inakikandamiza kibomba kwa nje, na sindano ilitaka kwenda chini ya sifuri, ila kimsumari kiliizuia. Kwa macho, imepumzika. Kumbe inasukuma ukuta. Mzamiaji anaposhuka, karibu mita mbili za kwanza zinaliwa na hilo deni la hewa kabla sindano haijasogea. Na kidogo kilichobaki ni chumvi: kipimo kilichorwa kwa maji ya bahari, mazito kuliko haya yetu. Kwa hiyo Bisimwa alikuwa anafuata ukurasa wa thelathini huku yuko mita thelathini na mbili na zaidi, siku nne mfululizo. Na hizi saa zenu za kuzamia, za skrini, za siku hizi ziulizeni vilevile: unajua uko wapi? Nimeona moja iliyokuja hapa ikidhani iko baharini.

Sikulala vizuri, hilo halina faida kwenu. Asubuhi niliwahi uwanja wa maboti. Zihindula alikuwa amekwisha vaa. Patron alikuwa anakunywa chai amesimama.

"Asishuke," nikasema. "Vipimo vinapunguza mita mbili na nusu. Vyote vitatu. Kosa ni langu."

Patron aliweka kikombe chini. Akanivuta pembeni, lakini Zihindula alitufuata, na mimi sikumwambia arudi.

"Papa, uko mugonjwa?"

"Niko muzima."

"Jana ulisema viko sawa, mbele ya bantu bote."

"Jana nilisema uongo. Saa ile nilikuwa sijapima kwa kamba, ila nilikuwa na shaka tangu juzi. Bisimwa aliniambia mwenyewe, nikamtukana."

"Unajua uko unajiandikia nini? Hakuna mutu atakuletea tena ata manometre ya baiskeli."

"Najua."

Zihindula alikuwa anatazama kipimo mkononi mwake. Akakivua, akaniwekea kifuani, si kwa nguvu.

"Tonton, alikuambia lini?"

"Juzi mchana."

"Kabla ya ile ya mwisho."

"Ndiyo."

Zihindula alikaa chini akaanza kuvua viatu vya mpira, kimoja kimoja. Siku ile hakuna aliyezama. Injini ya lile boti iko kule chini mpaka leo.

Iliyobaki ilikuwa nyumba ya Bisimwa. Nilijizungusha siku mbili. Siku ya tatu nilipanda Kadutu. Mkewe, Maman Furaha, alikuwa mlangoni anachambua maharagwe. Alinijibu salamu bila kuinua kichwa. Ndani, Bisimwa alikuwa amelazwa karibu na dirisha.

Nilieleza yote, nikiwa nimesimama. Skrubu, nta, mashine, chaki, kamba, na ile "ndiyo" niliyosema mbele ya patron. Maman Furaha alikuwa ameingia nyuma yangu na ungo mikononi.

"Basi hakunywa," akasema.

"Hakunywa, Maman."

"Balisema alikunywa. Mpaka ku kwaya balisema. Nami nilikuwa namunusa nguo." Akamgeukia mumewe. "Nilikunusa nguo."

"Nilikuona," Bisimwa akasema.

Kisha akaniuliza: "Uko nacho?"

Nilikuwa na kipimo chake mfukoni. Zihindula alikuwa amemnyang'anya patron, akanipa. Nta ilikuwa bado haijavunjwa.

"Kifungue hapa. Nataka kusikia."

Nikapiga magoti karibu na kitanda, nikakiweka kwenye sikio lake, nikabandua nta, nikalegeza skrubu. Alifumba macho. Ikatoka ile hewa yote, ndefu. Ilipokwisha, alibaki amefumba.

"Ni hii tu?"

"Ni hiyo tu."

"Usinilombe pardon," akasema. "Nikikupa, utaenda kwako na utalala. Mimi nitabaki hapa. Fanya hivi: kila kipimo chenye utatengeneza, kabla ya kukitoa, ukilete. Ufungue hapa, karibu na sikio langu. Nikisikia, nitakuambia ufunge."

Patron hakukosea kuhusu kazi, kwa muda. Karibu mwaka mzima niliziba tena pancha. Lakini Zihindula alizunguka kwa wazamiaji wote wa ziwa hili akawaeleza kilichotokea, na siku moja wakaanza kurudi, mmoja mmoja, kwa sababu hapakuwa na mashine nyingine, na labda kwa sababu walijua sasa fundi anaogopa. Nilifuta ile chaki. Mahali ilipokuwa nimepaacha bila rangi.

Na kila kipimo nilikipandisha Kadutu. Mvua, jua, siku ambazo mji ulikuwa umefungwa na watu wamejificha ndani. Maman Furaha ananiwekea kiti. Siku nyingine tunazungumza, mpira, kwaya, bei ya sabuni. Siku nyingine hanijibu hata salamu. Lakini nikileta kipimo kwenye sikio lake ananyamaza, anafumba macho, na mwisho anasema maneno yale yale mawili: "Nimesikia. Funga." Miaka yote. Masikio yangu yalipoanza kwenda, nilikuwa nasoma uso wake kujua hewa imetoka. Hakuwahi kusema amenisamehe, na sikuwahi kuuliza tena.

Mwaka jana vidonda vya mgongo vilimzidi. Nilipeleka kipimo kimoja cha mzamiaji wa Idjwi. Bisimwa alikuwa amekonda, shuka halikuonyesha kama kuna mtu chini yake. Nikapiga magoti, nikalegeza skrubu karibu na sikio lake. Mimi sikusikia chochote. Nikamtazama usoni. Macho yalikuwa yamefumbwa, kama siku zote.

Nikangoja aseme.

Maman Furaha alikuja akasimama mlangoni. Baada ya muda aliweka mkono begani kwangu, ndipo nikajua.

Yule mzamiaji wa Idjwi nilimpa kipimo kingine, cha fundi mwenye masikio. Hiki kiko hapa, juu ya mashine. Nakifuta vumbi kila asubuhi. Skrubu iko wazi mpaka leo, kwa sababu hakuna aliyeniambia nifunge.